"Misschien": sentensi iliyogeuka kielezi

Katika vielezi vyote vya Kiholanzi, nipendacho zaidi kukifundisha ni misschien, yaani "labda". Anayekiona kwa mara ya kwanza hukikata pasipostahili: anaona mis-, kiambishi cha mislukken (kushindwa) na misdaad (uhalifu), kisha anadhani kuna walakini ndani ya neno. Mis- hii haina udugu na ile.

Asili yake ni sentensi nzima. Katika Kiholanzi cha Zama za Kati watu walisema het mach scien, "inaweza kutokea". Mach ndicho kitenzi kiandikwacho leo mag. Scien ni "kutokea", ndugu wa geschehen ya Kijerumani. Kitenzi hicho bado kipo kwa umbo la geschieden, ambalo d yake iliingia baadaye, na humo ndimo lilimotoka geschiedenis, "historia": mambo yaliyotokea.

Kwa kusemwa sana, sentensi ikashikamana ikawa neno moja. Mkazo uliangukia schien, silabi ya mbele ikakosa nguvu: ch ya mach ikamezwa na s iliyoifuata, nayo a ikafifia hadi ikawa i. Kiafrikana nacho husema miskien: pale Kiholanzi kinapotamka sauti ya kooni, iliyo kama kh ya "kheri", chenyewe hutamka k.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye sarufi. Mholanzi husema Misschien komt hij morgen, "labda atakuja kesho", kitenzi komt kikikaa nafasi ya pili kama kanuni inavyodai. Husema pia Misschien dat hij morgen komt. Hapa pameingia dat, "kwamba", na komt imesukumwa mwisho kabisa, kama ilivyo katika kishazi tegemezi. Kielezi kimebeba kishazi kana kwamba chenyewe ni kitenzi! Kiswidi nacho kina kanske, lililojengwa vilevile kwa kan na ske, "inaweza kutokea", nalo huruhusu Kanske han kommer, kitenzi kikiikosa nafasi yake ya pili bila mtu kushtuka.

Sisi tunalo "huenda", kitenzi "kwenda" chenye hu- ya mazoea. Baada ya "labda" tunasema "atakuja". Baada ya "huenda" wengi husema "akaja", kwa -ka- ile ile inayofuata kitenzi kingine.