Chapati haigeuki gundi tumboni

Ujumbe huu haufi kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Dar: ngano hugeuka gundi, hung'ang'ania utumbo na kuuozesha, kwa hiyo kila mtu aache chapati, maandazi na mkate. Mara nyingi huja na video ya donge la unga wa ngano likioshwa kwenye maji hadi libaki kitu kinachovutika kama mpira.

Video yenyewe ni ya kweli. Hiyo ni gluteni, protini ya ngano, na hata wewe unaweza kuiosha jikoni kwako. Ila tumboni kuna asidi na vimeng'enya vinavyoikatakata, haigandi popote.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ugonjwa wa siliaki upo. Kwa takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, kinga ya mwili hukosea ikaona vipande vya gluteni ni adui, ikashambulia vijinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula. Matokeo yake ni kuharisha, kukonda, hata upungufu wa damu. Hao kweli waache ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano) maisha yao yote. Ugali wa mahindi, wali na muhogo havina gluteni.

Una dalili hizo? Kapime damu kuangalia kingamwili za siliaki, yaani protini ambazo kinga ya mwili hutengeneza kwenye ugonjwa huu, kisha daktari ataamua kama utumbo uchunguzwe. Na tafadhali, usiache ngano kabla ya kipimo, kwa sababu majibu yanaweza kutoka safi wakati unaumwa. Hapo ndipo ujumbe huu unapoumiza watu. Ukikufikia, usiusambaze.