"Fishes" si kosa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: eti neno "fishes" halipo katika Kiingereza, na anayeliandika hajasoma. Si kweli. Kwa kawaida wingi wa "fish" hubaki "fish", kama vile "samaki" letu lisivyobadilika. Sato kumi kwenye ndoo pale soko la samaki la Mwaloni ni "ten fish". Lakini wataalamu wanapozungumzia aina tofauti za samaki wa Ziwa Victoria, yaani sato, sangara, furu na dagaa, huandika "fishes", na ni sahihi kabisa. Fungua kamusi nzuri ya Kiingereza, utakuta maumbo yote mawili. Shuleni wengi tulikaririshwa moja tu, ndiyo maana la pili linatushtua. Inaniuma mtoto anapokosolewa bila sentensi yake kusomwa. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.