Boomerang haikupotelea kwenye dishi lako, na mimi siwezi kulizungusha irudi

Hii ni mara ya ngapi mimi nishasahau kuhesabu. Simu yalia saa mbili asubuhi, mteja wangu wa Mkomani, mzee wa heshima zake, hata salamu hazijesha yuaniambia "mwanangu fundi njoo upesi, dishi limezunguka, Boomerang, ile chaneli ya katuni za Tom na Jerry, imetoka imeingia chaneli ya vitoto." Nikamuuliza, zile nyengine zaonyesha? Zaonyesha. Taarifa? Yaonyesha. Mpira? Mpira jana nimetizama mpaka usiku. Sasa mzee wangu hilo dishi limezunguka vipi likairuka chaneli moja tu likaziacha nyengine zote zimekaa sawa?

Kazi yangu ni dishi, hapa Lamu, tangu ile 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa kila mtu akawa yuataka king'amuzi, na katika yote nilioambiwa juu ya madari ya watu hakuna linalonichosha kama hili. Tena halisemwi na wazee peke yao. Vijana wa maskani, watu wazima wana ndevu, wakikaa na kahawa zao jioni huu ndio mjadala, mmoja yuasema fundi ameiba chaneli, mwengine yuasema ni mvua, mwengine yuasema binamu yake Malindi bado yuaipata kwa sababu kule "signali ni kali". Haipati. Nimempigia huyo binamu mwenyewe.

Haya tusikizane basi. Setilaiti ya king'amuzi hicho mnachokilipia iko nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta kabisa, umbali wa kama kilomita 36,000 kutoka ardhini. Sisi Lamu tuko karibu nyuzi 41 mashariki na nyuzi mbili na kitu tu kusini ya ikweta, yaani ile setilaiti tunayo karibu utosini, ndio maana dishi zetu zimelala karibu chali na Wazungu wakija Shela huuliza mbona hazijasimama kama za kwao. Na chaneli hazishuki moja moja. Zinapakiwa nyingi pamoja kwenye transponda moja, yaani mtambo mmoja wa kurushia ulioko ndani ya setilaiti, kama mashua ya mizigo inayotoka Mokowe, ina unga, ina sukari, ina saruji, ikizama vyazama vyote, haizami sukari peke yake halafu pale pale pakaibuka biskuti zimefungwa vizuri na karatasi yake! Dishi likizunguka kweli hupati chaneli mpya ya watoto yenye nembo yake na nyimbo zake. Wapata maandishi ya E48 kwenye TV, yaani signali hakuna, wapata picha inakatika vipande vipande kama zulia la viraka, na zapotea nyingi kwa mpigo, mara nyingi zote. Ukiona E48 niite mimi. Ukiona E16 usiniite, hiyo ni pesa zako zimekwisha, lipa kwa simu halafu uache king'amuzi kikiwaka usikizime kwa hasira. Na ukiona chaneli nyengine imekaa raha mstarehe kwenye namba ile ile ya zamani, basi hapo hapana fundi wala dishi, mwenye mali amebadilisha duka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwenye Boomerang ni Warner Bros. Discovery, kampuni ya Marekani, na mwaka 2023 waliitoa Boomerang kwetu huku Afrika wakaweka Cartoonito, ambayo ni ya watoto wadogo wadogo, wale hawajaanza darasa la kwanza. Walifanya hivyo na kwengine pia, Uingereza mwaka huo huo. Sasa mtu wa Langoni apande dari na spana namba 13 abadilishe uamuzi wa watu waliokaa Marekani, kwa shilingi 1,500? Wapo mafundi wanaozichukua hizo pesa, mimi nawajua, wapanda juu, walegeza nati, waikaza nati ile ile, washuka wasema "subiri masaa 24 itajiseti." Ukisikia hilo neno la kujiseti shika mfuko wako.

Na hapa ndipo mimi hugombana na maskani nzima, kwa sababu nawaambia mnalilia jina. Boomerang mnayoikumbuka nyinyi ilikuwa ishaondoka zamani. Ilianza kama kipindi tu ndani ya chaneli ya katuni ya Cartoon Network mwishoni mwa 1992, ikawa chaneli yake mbali kule Marekani tarehe 1 Aprili 2000, na kazi yake ilikuwa kuonyesha vile vya kale, Tom na Jerry, Flintstones, Yogi Bear, Scooby-Doo ya kwanza ile ya 1969. Lakini kufika 2015 walibadilisha sura dunia nzima, wakaingiza matoleo mapya, Scooby mwenye uso mwengine, Bugs Bunny aliechorwa upya, na vile vya kale vikawa vyapungua kidogo kidogo kama maji ya bamvua yanavyotoka, hujui saa ngapi mashua imekaa mchangani. Hapana aliepiga simu 2015. Mlinipigia jina lilipobadilika. Nembo ingebaki ile ile wangewawekea hata kozi ya kushona mngenyamaza.

Kuna mmoja akanijibu, basi kwa nini wasionyeshe za kale tupu masaa yote, si wanazo? Nikamwambia toa simu tupige hesabu. Tom na Jerry zile za sinema, kuanzia 1940 mpaka 1967, ni 161. Kila moja kama dakika saba. Hiyo ni dakika 1,127, hata masaa 19 hayafiki, yaani ukianza kuzionyesha alfajiri, kabla ya alfajiri nyengine zimekwisha zote warudia ya kwanza. Flintstones ni vipindi 166, weka nusu saa nusu saa pamoja na matangazo, masaa 83, siku tatu na nusu. Mwaka una masaa 8,760. Kwa hivyo chaneli ya vitu vya kale ni kurudia, kurudia, kurudia, na nyinyi nyinyi mlikuwa mkilalamika "fundi mbona waonyesha ile ile ya mbwa na mfupa kila siku." Nakumbuka mimi. Mtu mzima hurudia kwa mapenzi, lakini mwenye chaneli, nionavyo mimi, yuatafuta mtoto mdogo ambae mamake atawasha TV kila siku na hatochoka kuona kitu kimoja mara arubaini, tena atataka na mdoli wake.

Na wala hizi katuni si mali ya mtu yeyote apendae kuzionyesha. Hili nalo nalisikia, eti za kale ni bure, hazina mwenyewe. Zina mwenyewe tena amebadilika kama nyumba ya mirathi. Tom na Jerry zilikuwa za MGM, studio ya filamu ya Marekani, tajiri wa televisheni Ted Turner akainunua MGM 1986, kampuni akaiuza tena lakini maktaba ya filamu akabaki nayo, 1991 akanunua Hanna-Barbera, kampuni ya katuni yenye Flintstones na Scooby-Doo, ndio akapata mzigo wa kutosha kufungua Cartoon Network tarehe 1 Oktoba 1992. 1996 kampuni yake ikaingia ndani ya Time Warner, ambako ndiko aliko Bugs Bunny, na 2022 ikawa hii Warner Bros. Discovery. Kila mwenyewe mpya akija yuapanga makochi yake. Ile programu yao ya intaneti ya Boomerang waliifungua 2017, ikafungwa Septemba 2024, kwa hivyo hata wa Marekani wamelia.

Hoja nyengine ninazoambiwa nazipitia upesi kwa sababu jua lishapanda na nina kazi Matondoni.

"Imefungiwa na serikali." La. Mlichokichanganya ni cha 2017, Bodi ya Filamu ya Kenya iliagiza katuni sita zisionyeshwe kwa sababu za maadili, The Loud House, Adventure Time, Steven Universe na wenzake. Tom na Jerry hawakuwemo, na ilikuwa miaka sita kabla.

"Nikipandisha kifurushi itarudi." Hairudi. Chaneli haipo kwenye kifurushi chochote, utalipa zaidi uone mpira mwingi zaidi. Kama wapenda mpira sawa.

"Zile Tom na Jerry zenye sauti za ajabu ajabu ni feki za Wachina." Hii hunichekesha. Zile zenye mwangwi, Tom yuakaa kama mgonjwa, zilitengenezwa Prague, Chekoslovakia ya wakati huo, na mtengeneza katuni Gene Deitch, ziko 13 tu, 1961 na 1962. Ni halali kabisa, wamelipwa na MGM wenyewe. Zile 114 za kwanza ndizo za William Hanna na Joseph Barbera wenyewe, ndizo zilizochukua Oscar saba, na 34 za mwisho ni za mtengeneza katuni mwengine, Chuck Jones, utazijua kwa nyusi, Tom ana nyusi nzito kama mtu ananuna. Mimi zile za Prague nazipenda lakini hapo maskani sisemi.

"Katuni za zamani zilikuwa na adabu, za watoto, hizi za sasa zimeharibika." Watu wazima ndio husema hivi kwa uhakika mkubwa. Zile zilitengenezwa zionyeshwe sinema kabla ya filamu kubwa, mbele ya baba na mama na watoto pamoja, ndio maana zina bunduki na sigara na shoka la kichwa. Flintstones ilipoanza 1960 ilionyeshwa usiku, na miaka ya mwanzo wahusika wake wakuu, Fred na Barney, walikuwa wakitangaza sigara za Winston. Sigara! Kama kuna chaneli ya mtoto wa miaka minne basi hiyo Cartoonito mnayoitukana ndiyo imemfaa zaidi, ingawa hainichekeshi mimi hata kidogo. Ila nakubali kitu kimoja, Tom na Jerry hawasemi. Nina bibi mmoja mteja wangu Langoni, Kiingereza hajui hata yes, alikuwa yuacheka na wajukuu kwa pamoja saa ile ile, paka akibanwa mkia wote wanapiga makofi. Hizi mpya zaongea mwanzo mpaka mwisho, yule bibi sasa hukaa akatizama watoto badala ya TV. Hiyo hasara ni ya kweli na sina spana yake.

"Nimetumiwa picha kutoka Marekani, kule ipo chaneli ya katuni za kale bure, nielekezee dishi huko." Wallahi nimeombwa hivi, mara mbili. Ipo kweli, MeTV Toons, ilianza Juni 2024, lakini hiyo hurushwa na minara ya ardhini ya miji ya kule na huipata kwa antena. Na hata setilaiti zinazohudumia Marekani kwetu ziko chini ya upeo wa macho, upande wa pili wa dunia. Nikulengee wapi, nitoboe sakafu?

Sasa kama kweli wataka kutunza hicho king'amuzi, acha kuwaza dishi kuzunguka, waza chumvi. Sisi twakaa na bahari mlangoni. Dishi halizunguki lenyewe, nati zake zishagandana na kutu hata mimi huzifungua kwa nyundo na dua. Kinachokufa ni koneta ya nyuma ya LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea signali. Fungua uone, ule waya wa shaba wa katikati umekuwa kijani kama birika la shaba la zamani, hapo signali yapita vipi? Nunua koneta nzuri, izungushe tepu ya mpira kisha juu yake silikoni, waya uache ushuke kidogo kama kitanzi kabla haujaingia ndani ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya mpaka nyuma ya TV. Na tafadhali msiweke dishi chini ya makuti, makuti yakilowa yala signali, halafu kunguru hujenga.

Tukirudi kwa mzee wangu wa Mkomani. Nikamueleza yote haya, kwenye daka, dakika thelathini, kahawa mbili, mpaka ile ya mashua ya Mokowe nikamwambia. Akasikiza kwa adabu. Akaniambia "nimefahamu mwanangu, lakini hebu panda tu ulitizame." Nikapanda. Koneta ilikuwa nzima, niliitia silikoni mimi mwenyewe mwaka jana. Nikatoa manyoya ya kunguru, nikagonga ukingo wa dishi na spana mara mbili ili asikie huko chini, nikashuka. Kwenye TV ni Cartoonito ile ile, kidude cha rangi ya waridi chaimba namba. Mzee akatizama kitambo, akavua miwani akaifuta.

"Sasa sawa," akasema, "naona hata rangi zimekaa vizuri."