Kwa nini nyama huyeyuka kwenye friza wakati wa baridi ya Juni?

Katika nyumba za Mbeya, Njombe na Makete, jokofu la milango miwili linaweza kuleta fumbo mwezi wa Juni au Julai, wakati joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10: nyama iliyokuwa imeganda kama jiwe hukutwa imelainika, na njegere zimeanza kutoa maji. Wengi hudhani gesi imekwisha, na wapo wanaolipia kujaziwa gesi ambayo haikupungua.

Sababu ni themostati, yaani kifaa kinachopima joto na kuamua lini jokofu lipoze. Majokofu mengi ya bei ya kawaida yana kompresa moja, yaani mashine inayosukuma gesi ya kupozea, na themostati moja, nayo hupima joto la sehemu ya friji, yaani panapokaa maziwa na mboga, ambapo hutakiwa nyuzi 4 hivi. Friza, inayohitaji nyuzi 18 chini ya sifuri, haina kipimo chake, bali hupoa pale tu kompresa inapofanya kazi. Jikoni kukiwa na nyuzi 25, joto hupenya kuta za jokofu bila kukoma, kompresa huwaka mara kwa mara, na friza hunufaika nayo. Jikoni kukiwa na nyuzi 8, sehemu ya friji hubaki baridi kwa saa nyingi bila msaada, themostati haioni sababu ya kuiwasha kompresa, na joto hilo dogo linatosha kabisa kuyeyusha nyama.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. Kwenye kibandiko cha jokofu huandikwa daraja lake la hali ya hewa: T ni la kufanya kazi penye nyuzi 16 hadi 43, na SN huanzia nyuzi 10. Lenye T pekee linaifaa Kyela yenye joto. Makete ni habari nyingine.

Kuzungusha kitufe cha themostati kwenye namba kubwa husaidia kidogo tu, kwa sababu katika majokofu mengi hurefusha muda wa kompresa kuwaka badala ya kuiwahisha kuwaka, na mboga huishia kuganda. Dawa ya kweli ni kulihamishia jokofu kwenye chumba chenye joto zaidi, lakini si ubavuni mwa jiko la mkaa. Anayetaka uhakika agandishe maji katika kikombe na kuweka sarafu juu ya barafu; akiikuta sarafu imezama ndani ya barafu, basi friza iliyeyuka na kuganda tena.

Barafu inayojijenga kwenye kuta za friza ni suala jingine: hutokana na unyevu unaoingia mlango unapofunguliwa au mpira wake unapolegea, na ikifikia unene wa nusu sentimita huzuia ubaridi kupita. Zima jokofu, chomoa waya, funga vyakula kwa magazeti na blanketi, kisha weka ndani sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa, maana kwa baridi ya huku kusubiri barafu iyeyuke yenyewe huchukua muda mrefu mno. Kisu kisiguse kuta, kwani mabomba ya gesi yamepita humo, na majokofu mengi ya sasa hutumia R600a, gesi inayoshika moto. Kausha kuta, washa, na urudishe nyama friza ikishapoa barabara.