Kudhoofisha hoja si kubishana na ushahidi

Watu ninaowaandaa hapa Mbeya kwa mitihani ya GMAT (ya kujiunga na shahada za uzamili za biashara) na LSAT (ya kujiunga na vyuo vya sheria), na hata vijana wanaojinoa kwa usaili wa kazi, huja na imani zilezile kuhusu maswali ya kudhoofisha hoja, yaani yale yanayokupa hoja fupi na kukutaka uchague kauli inayopunguza nguvu yake. Mmoja akiitamka, wenzake wanaitikia kwa vichwa. Nimechoka kuzing'oa kwa mtu mmoja mmoja wiki ya mwisho kabla ya mtihani, kwa hiyo naziandika hapa.

Dhana: ili kudhoofisha hoja, tafuta chaguo linalokanusha ushahidi.

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu wanaoibeba ni watu makini, wengine hodari wa midahalo tangu sekondari. Kwenye mdahalo mpinzani akitaja takwimu, unasimama na kumuuliza kaitoa wapi. Kwenye mtihani huna ruhusa hiyo. Ushahidi uliomo kwenye kifungu unaupokea kama ulivyo. Unachoshambulia ni ile hatua anayoruka mtoa hoja kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye hitimisho.

Swali hili nimelitunga kwa ajili ya darasa langu:

*Mwaka jana wakulima wa parachichi wa kijiji kimoja wilayani Rungwe walianza kutumia mbolea mpya. Mavuno ya kijiji yalipanda kwa robo kuliko ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mbolea hiyo ndiyo iliyopandisha mavuno. Lipi kati ya haya, likiwa ni kweli, linadhoofisha hoja zaidi?*

A. Mbolea mpya ina bei kubwa kuliko ya zamani.
B. Baadhi ya wakulima wa kijiji hicho hawakupata ongezeko lolote.
C. Miti mingi kijijini hapo ni ya aina ya Hass, ambayo huelekea kuzaa sana mwaka mmoja na kidogo mwaka unaofuata, na mwaka juzi ilizaa kidogo.
D. Udongo wa kijiji hicho ulikuwa na upungufu wa virutubisho vilivyomo kwenye mbolea hiyo.
E. Wakulima wa parachichi mkoani Njombe mara nyingi hukosea wanapokadiria mavuno yao.

Mikono mingi hukimbilia E. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa: "Mwalimu, huenda hiyo robo si sahihi." Lakini kifungu kimeshasema ni robo, na makosa ya watu wa Njombe hayahusiani na kijiji cha Rungwe. A inagusa faida, wakati hoja inazungumzia mavuno. B haigombani na ongezeko la kijiji kizima. D inaiimarisha hoja, na anayesoma haraka huinasa kwa sababu tu inataja mbolea.

Jibu ni C. Angalia inavyofanya kazi: haikanushi neno hata moja. Mbolea ilitumika, mavuno yalipanda, robo ni robo ileile. Ila sasa tunajua kwamba ongezeko hilo lingeweza kuja hata bila mbolea, na ule uhakika wa "ndiyo iliyopandisha" unapungua.

Hapo hakosekani wa kutoka Tukuyu atakayesema mwaka juzi kwao parachichi zilizaa vizuri tu. Inawezekana kabisa. Lakini swali limesema *likiwa ni kweli*, na maneno hayo ni amri. Chaguo zote tano umeambiwa uzichukulie kuwa kweli; kazi yako ni kupima ipi ingeiumiza hoja. Unayoyajua kuhusu kilimo hayatumiki kulikataa chaguo.

Ushauri ninaourudia kila kipindi: ziba chaguo kwa kiganja. Sema hitimisho kwa maneno yako, kisha jiulize, "Hata kama ushahidi wote ni kweli, ni kitu gani kingine kingeweza kuleta matokeo haya?" Hoja ikiwa ya chanzo na matokeo, kama hii, tafuta chanzo kingine, au uwezekano kwamba kinachoitwa matokeo ndicho chanzo, au kwamba vitu viwili vimekutana kwa bahati tu. Wanafunzi hulalamika kwamba muda hautoshi. Kweli, sehemu ya lugha ya GMAT ina maswali 23 kwa dakika 45, yaani hata dakika mbili kwa swali hazifiki. Lakini muda hauliwi na huku kufikiri kabla. Unaliwa na kusoma chaguo tano mara tatu bila kujua unatafuta nini.

Dhana: jibu sahihi lazima liangushe hitimisho lote.

Hapana. C haikuthibitisha kwamba mbolea haifai. Kudhoofisha ni kupunguza uwezekano wa hitimisho kuwa kweli, basi.

Dhana: chaguo lenye habari mpya liko nje ya mada.

Sheria hiyo ni ya maswali yanayouliza kifungu kinathibitisha nini. Huku habari mpya ndiyo silaha yenyewe; kifungu hakikutaja Hass popote.

Dhana: ogopa maneno makali kama "wote" na "kamwe".

Hii nayo imeazimwa kwenye maswali yaleyale ya kifungu kinathibitisha nini. Kwenye kudhoofisha, neno la kuliangalia kwa wasiwasi ni "baadhi", maana baadhi wanaweza kuwa wawili tu.

Dhana: maswali haya ni machache, nitayaruka.

Toleo la GMAT lililoanza Novemba 2023 limeondoa maswali ya kusahihisha sentensi, kwa hiyo sehemu ya lugha imebaki na ufahamu na hoja tu. LSAT nayo, tangu Agosti 2024, imeondoa michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa masharti), na sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za hoja. Mwenye noti za kurithi kutoka kwa kaka au dada aangalie ni za mwaka gani.

Dhana: swali likiwa na "isipokuwa", jibu ni lile linaloimarisha hoja.

Si lazima. Chaguo nne zinadhoofisha. La tano linaweza kuimarisha, au likawa halina uhusiano wowote na hoja. Weka alama ya vema pembeni ya kila linalodhoofisha, kisha chagua lililobaki bila alama, hata kama linazungumzia bei ya mbolea.