Hewa ya alfajiri si lazima iwe safi

Wengi huamini kwamba katika mji mkavu usio na viwanda, hewa safi kuliko zote ni ya alfajiri ya kiangazi, kukiwa baridi na shwari. Lakini ubaridi si usafi. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi, hewa baridi hutuama chini, na yenye joto zaidi huifunika kama kifuniko cha sufuria. Mji ukiwa bondeni, moshi wa kuni na magari hukosa pa kutokea.

Tazama moshi wa jikoni: ukipanda kidogo kisha ukatandaa kama dari, kifuniko kipo. Jua likipamba moto, aghalabu baada ya saa tatu au nne asubuhi, kifuniko hicho huvunjika. Vumbi la alasiri angalau huonekana. Chembe laini za moshi, zenye upana chini ya mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), jicho halizioni mojamoja.