Dema la jirani: dhana potofu kuhusu bakteria wa baharini na chuma

Dhana: Bahari haiwezi kukosa chuma

Chuma ni karibu asilimia 5 ya ganda la dunia, na mito haichoki kushusha udongo mwekundu. Kwa nini basi kikosekane baharini? Mtazame msumari wa ngalawa. Ukikaa kwenye maji ya chumvi unaliwa na kutu, na chuma kinachoingia baharini hupatwa na yaleyale: kikikutana na oksijeni hugeuka kutu isiyoyeyuka, hugandamana, huzama. Katika maji ya juu ya bahari kuu, lita 1,000 mara nyingi hazina hata sehemu moja ya kumi ya miligramu ya chuma kilichoyeyuka. John Martin, mwanasayansi wa Marekani, alishikilia kwamba huo ndio upungufu unaozuia mwani mdogo mno unaoelea majini usistawi katika sehemu kubwa za bahari. Alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla wenzake hawajamwaga chuma karibu na visiwa vya Galápagos na kuona mwani ukiongezeka kweli.

Dhana: Bakteria hufyonza tu chuma kinachopita

Hata hicho kidogo hakizunguki kikiwa huru. Zaidi ya asilimia 99 kimeshikwa na molekuli za kikaboni, na baadhi yake ni siderofo, jina la Kigiriki lenye maana ya mbeba chuma. Kijidudu hutengeneza siderofo, huitoa nje ya mwili wake, nayo hukamata chuma kwa nguvu kubwa mno. Ili kuiingiza ndani, bakteria wengi huwa na vipokezi kwenye utando wa nje, na kila kipokezi hutambua umbo la siderofo fulani kama kufuli na ufunguo wake.

Dhana: Kila bakteria hutumia siderofo alizojitengenezea

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Siderofo ikishatoka ni kama dema lililotegwa bila kamba wala boya: anayelifikia kwanza akiwa na njia ya kulivua, samaki ni wake. Bakteria wengi hawana kabisa jeni za kutengeneza siderofo fulani, ila kipokezi chake wanacho.

Kisa ninachokipenda kilitoka ufukwe wa Nahant, Massachusetts, kikachapishwa mwaka 2010. Timu ya Kim Lewis wa Chuo Kikuu cha Northeastern ilichukua bakteria wa mchangani na kujaribu kuwaotesha maabara. Baadhi yao hawakuota hata kidogo wakiwa peke yao, wakaota walipowekwa karibu na bakteria wengine. Mmoja wao, *Maribacter polysiphoniae*, alimhitaji jirani aitwaye *Micrococcus luteus*. Kilichokuwa kikitoka kwa jirani huyo kilipochunguzwa, kikaonekana ni siderofo. *E. coli*, bakteria wa utumbo, naye aliweza kumsaidia, lakini *E. coli* aliyeondolewa jeni za kutengeneza siderofo yake, enterobaktini, hakumfaa tena. Na alipotiliwa chuma cha kutosha chenye kuyeyuka, *Maribacter* aliota bila msaada wa yeyote. Miaka mingi tumesema bakteria wengi wa baharini hawafugiki maabara. Huyu tulikuwa tumemtenga na jirani yake, basi.

Dhana: Anayetumia siderofo ya mwenzake ni mdoezi tu

Wadoezi wapo. Utafiti wa mwaka 2012 juu ya bakteria wa baharini wa jamii ya *Vibrio* ulionyesha kwamba watengenezaji wa siderofo walipatikana zaidi kwenye chembe kubwa zinazoelea majini, na kati yao waliishi wasiotengeneza lakini waliobaki na vipokezi. Watengenezaji nao wana kinga: baadhi ya siderofo za baharini zina mkia wa mafuta unaozifanya zing'ang'anie utando wa mwenyewe zisichukuliwe na maji.

Ila si kila mgeni ni mdoezi. Bakteria wa baharini *Marinobacter* hutoa siderofo inayovunjwa na mwanga wa jua, chuma kikaachiwa kwa muda mfupi, na mwani ulio karibu ukakipata. Mwani nao huwalisha bakteria hao kwa kaboni uliyoitengeneza. Kumwita mmoja wao mwizi ni kutoielewa biashara yenyewe.

Dhana: Hayo ni ya vilindini, hayatuhusu

*Vibrio cholerae*, wa kipindupindu, huishi pia katika maji ya pwani na midomo ya mito. Ana siderofo yake mwenyewe, na zaidi ya hiyo ana vipokezi viwili vya enterobaktini ya wengine pamoja na njia ya kutumia ferikromu, siderofo ya kuvu.

Ndugu yake, *Vibrio vulnificus*, anaweza kutumia desferioksamini, siderofo ya bakteria wa udongoni, *Streptomyces pilosus*, ambayo hospitalini ni dawa ya kupunguza chuma kwa wagonjwa wanaoongezewa damu mara kwa mara, kama wale wa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwilini mwenye chuma kilichozidi, *Vibrio* huyu huzaliana upesi na anaweza kuua. Kwa hiyo mwenye chuma kingi mwilini au ugonjwa wa ini huonywa asile chaza wabichi, wala asiingie baharini akiwa na kidonda kibichi.